Mshika Mkono

Halifax, 11 Agosti 1908

Dada Euphemia,

Salamu utazipata siku nyingine. Jana nimepata barua ya Rhoda kutoka hapo kwako, anaomba nimtumie viatu vyekundu vya ndani, vya kitambaa, visivyo na kisigino. Hakusema vya nini. Anadhani mama yake, mke wa muuza vitambaa na mwimbaji wa kanisani, hawezi kujua msichana wa miaka ishirini na miwili anatafuta viatu vyekundu vya nini wiki sita kabla ya siku ya Septemba ambayo mchana na usiku vinalingana.

Najua vya nini. Nilivivaa. Viatu vyekundu, joho jeusi, kamba kiunoni mizunguko mitatu, kitambaa machoni, na wewe ubavuni umenishika mkono.

Nilipomruhusu aje Edinburgh kupiga taipu kwa yule wakili, nilikuomba kitu kimoja tu. Mpe kitanda, mpe chakula, na hilo hekalu lako la siri libaki huko huko juu ya duka la piano, na makarani wako na wajane wako wanaojifunika majoho na kuwaita malaika kwa Kilatini. Ukaniambia, "Bila shaka, mdogo wangu." Kumbe kila asubuhi ulikuwa unamtilia sumu yako kwenye uji wa shayiri.

Nasema wazi usije ukadai hukuelewa. Rhoda haingizwi. Mwambie amekataliwa, mwambie nyota zimekaa vibaya, tunga uongo wowote, kazi hiyo unaiweza. Mtoto ninaye mmoja, na sikumzaa aje kuwa mwali wako.

Mdogo wako,
Isobel Crabtree


Edinburgh, 14 Agosti 1908

Isobel mpenzi,

Nimefurahi. Miaka kumi na minane unaniandikia kadi za Krismasi zenye mstari mmoja, leo umenipa ukurasa mzima. Hata matusi ni mazungumzo.

Rhoda si mtoto, na hakuna aliyemvuta. Alivikuta vitabu vyangu rafuni, akasoma, akauliza. Mimi si mtu wa kumfungia mwenye swali mlango usoni. Kama ulitaka awe mbali na vitabu ungemlea asijue kusoma, halafu ungemfunza kukunja vitambaa, maana hiyo ndiyo elimu iliyobaki nyumbani kwako.

Na ujue kwamba Hekalu la Chumvi na Moto haliendeshwi kwa barua za akina mama. Jina lake litapigiwa kura tarehe tano Septemba kama jina la mwali yeyote. Kila ndugu anapewa gololi mbili, nyeupe na nyeusi, anatia moja kwenye sanduku huku mkono umefunikwa na joho. Nyeusi moja inatosha kumrudisha mwali alikotoka, na hatuulizani nani alitia nini. Mwanamke mmoja ninayemjua aliukimbia mji huu bila kurudisha utepe wake wa uanachama wala kuomba afunguliwe kiapo, kwa hiyo kwa sheria zetu bado ni ndugu. Jina lake la hekaluni ni Dada Ukweli Kwanza. Ulilichagua mwenyewe, mimi nilicheka siku hiyo na bado nacheka.

Gololi zako zipo, njoo uzitumie. Rhoda akikataliwa hataambiwa ni nani, lakini mwanao si mjinga. Sijui tu Bwana Crabtree utamuaga vipi. Sidhani kama anajua kwamba mkewe, anayeongoza sauti ya kwanza kanisani, alipiga magoti na kuapa juu ya chumvi. Mimi simwambii. Kwa sasa.

Dada yako,
Euphemia Dalgleish, Mkuu wa Hekalu


Edinburgh, 19 Agosti 1908

Mama mpendwa,

Shikamoo. Viatu bado havijafika. Kama tatizo ni rangi, mimi ningevaa hata vya kahawia, lakini Mama Mkubwa anasema lazima viwe vyekundu. Ni vya mchezo wa kuigiza wa wanawake wa hapa, si kitu kikubwa.

Kazini salama. Wakili ananisifu kwa kasi, ananisema kwa nukta. Mama Mkubwa ni mwema, ananilisha kama ninanenepeshwa kwa ajili ya maonyesho ya mifugo. Ila ana tabia ya kujibu kabla hujamaliza kusema. Juzi nilianza kumwambia jambo, akaniambia huo ni woga tu, kila mtu huupata, akanimiminia chai nyingine. Labda ni kweli. Mama, umewahi kutaka kusema hapana ukakuta mtu ameshafurahi kwa niaba yako?

Msalimie Baba. Mwambie lile koti alilonipa halipitishi upepo hata huku, na upepo wa huku una meno.

Mwanao,
Rhoda


Halifax, 23 Agosti 1908

Euphemia,

Sasa umemfundisha kunidanganya. Mchezo wa kuigiza, ananiambia, na kurasa nzima za kukusifu wewe kuwa mwema na mlishaji. Rhoda hakuwa mwongo alipotoka kwangu.

Umenikumbusha kiapo changu, na mimi nikukumbushe kilivyokuwa. Rhoda alikuwa na miaka minne, kifua kinambana, nami nikamwacha kwa mama mwenye nyumba kwa sababu ulisema kuahirisha kuna nuksi. Crabtree alikuwa safarini na sampuli zake za vitambaa. Nilipofika kupiga magoti, macho yamefungwa, nikasikia mtoto anakohoa. Najua hakuwepo, usinisahihishe. Nikakunong'oneza, "Euphemia, nitoe, nataka kwenda kwa mtoto." Yule Mkuu wa wakati ule akauliza mwali anataka nini. Na wewe, Mshika Mkono wangu, ambaye kwa desturi yenu neno lako ndilo neno langu, ukajibu kwa sauti ya kujaza chumba, "Nataka kuendelea." Hukusema "anataka". Ulisema "nataka". Kinywa changu kilikuwa kimefumbwa na mimi nikasikika nikikubali.

Mtoto alipona. Hiyo haikuwa kazi yako wala ya malaika wako, ilikuwa kazi ya mama mwenye nyumba na mvuke wa birika.

Nakuja tarehe tano. Crabtree nimemwambia nakwenda kumwangalia shangazi yetu wa Leith.

Isobel


Edinburgh, 26 Agosti 1908

Isobel,

Shangazi yetu wa Leith alikufa mwaka juzi. Ulituma shada la maua, na mumeo ndiye aliyelilipia. Kama unadanganya, danganya kwa utaratibu.

Mimi nakumbuka mambo mengine. Nakumbuka ulininong'oneza kitu nisichokisikia vizuri kwa sababu ulikuwa unatetemeka meno, nikadhani unaomba maji. Nakumbuka kitambaa kilipotolewa ulinikumbatia ukalia, kisha ukamaliza sahani nzima ya biskuti za siagi. Mtu aliyebebwa kwa nguvu hali namna ile. Ulifurahi, Isobel, halafu ukafika nyumbani ukaona aibu kwa kuwa ulifurahi mtoto akiwa mgonjwa, na aibu hiyo ukahitaji mtu wa kumtwika. Mimi nilikuwa karibu.

Karibu tarehe tano. Chai iko kabla ya kura. Nyeusi yako nitaipokea kwa heshima zote.

Euphemia


Edinburgh, 7 Septemba 1908

Dada Ukweli Kwanza,

Mimi ni mtu wa kukiri ninaposhangazwa. Tulipofungua sanduku na gololi zikamiminika nyeupe tupu, nilizikagua mara mbili nikidhani macho yamezeeka. Umetoka Halifax kote huko, umekunywa chai yetu bila kumtazama mtu, umekataa hata kwenda kumwona mwanao, halafu umetia nyeupe.

Na bado ukasimama. Nilipouliza nani atamshika mwali mkono, nikiwa nimeshamteua Bwana Auchterlonie, ukanukuu sheria yangu mwenyewe mbele yangu, kwamba mwenye damu moja na mwali akiomba kumshika mkono hanyimwi. Wazee wetu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama Geddes alijifuta machozi, ingawa yeye hujifuta machozi hata ngazi zikifagiliwa.

Sikuulizi kilichokubadilisha. Najua. Ulikaa tena kati ya zile nguzo mbili, ambazo ulipokuwa kijana ulizicheka kwa sababu ni bomba za jiko zilizopakwa rangi, na kitu ndani yako kikakumbuka. Nuru haina haraka. Ilikungoja miaka yote hii, nami pia nilikungoja, ingawa wewe hukustahili.

Rhoda hataambiwa ni nani atakayemshika. Mshika Mkono hufunika uso kwa kofia ya joho hadi kitambaa cha mwali kitolewe, kwa hiyo furaha itakuwa ya ghafla. Kuanzia mlangoni mwali hasemi neno. Kila atakachoulizwa utamjibia wewe. Nimekunakilia maneno, yasome hadi uyaote.

Euphemia


Halifax, 10 Septemba 1908

Dada yangu,

Nayasoma kila siku wakati Crabtree yuko dukani. Viatu nimevituma, vyekundu kama ulivyotaka.

Nina swali, usinicheke, nimekaa nje muda mrefu. Pale mlangoni, Mkuu anapouliza "Unatafuta nini?", Mshika Mkono akikosea jibu, kuna mtu wa kumsahihisha? Ninaogopa kumharibia mtoto.

Mdogo wako,
Isobel


Edinburgh, 12 Septemba 1908

Isobel mpenzi,

Hasahihishwi. Neno la Mshika Mkono ni neno la mwali, likisikika limesikika. Hata mwali akikataa hapo kizingitini, mlango hufungwa na haufunguliwi kwake tena maisha yake yote. Sheria hiyo niliiandika mimi baada yako, kwa kuwa nilichoka na watu wanaotaka leo wakajuta kesho.

Lakini kukosea kwenyewe ni vigumu. Ni maneno mawili: "Natafuta nuru." Hata kasuku angeweza. Lala vizuri, na njoo na treni ya asubuhi usije umechoka.

Dada yako akupendaye,
Euphemia


Edinburgh, 22 Septemba 1908

Isobel,

Nimechana barua mbili kabla ya hii kwa sababu hazikuwa na adabu. Hii pia haina, lakini nimechoka kuchana.

Niliuliza mimi mwenyewe, kutoka kwenye kiti cha Mkuu upande wa mashariki, "Unatafuta nini?" Na wewe ukajibu kwa sauti ile unayoimbia kanisani, taratibu, kila mtu akasikia: "Sitafuti kitu. Nataka kurudi nyumbani." Bwana Auchterlonie aliangusha chetezo na zulia likaungua shimo. Wote wakanigeukia mimi. Ningefanya nini? Ningesema huyo aliyenena si mwali, basi hakuna mtu aliyeapa ndani ya chumba kile tangu kifunguliwe, kwa sababu wote waliapa kwa sauti ya aliyewashika mkono. Hilo ulilijua. Ulikuja ukiwa umelipanga, kwa upole, na ile barua yako ya kuogopa kumharibia mtoto. Nami nikagonga meza na kumfungia mlango msichana ninayempenda kuliko mtu yeyote aliye hai.

Nilimtazama, maana wewe ulikuwa umenikazia macho mimi. Midomo yake ilifunguka, nikaiona, kisha ikafumbwa. Walipomtoa kitambaa na wewe ukavua kofia yako, hakulia. Laiti angelia. Alikutazama kama anavyotazamwa mtu aliyepanda treni isiyo yake. Akavua vile viatu, akaviacha kizingitini, akashuka ngazi akiwa na soksi tu.

Umemvunja moyo. Alikuwa akihesabu siku. Alikuwa anatembea chumbani mwake juu ya kichwa changu akijifunza kitu kwa sauti ndogo, nami nikakaa chini nikifurahi kwamba kuna mtu hatimaye anayetaka ninachokitaka.

Utepe wako umekatwa. Na mumeo nimemwandikia leo, kurasa tatu, kila kitu.

Euphemia


Halifax, 26 Septemba 1908

Euphemia,

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Umeonja sasa. Mtu akijibiwa na kinywa cha mwenzake inauma, sivyo? Miaka kumi na minane nilitafuta namna ya kukueleza nikashindwa, na tazama, maneno machache tu yametosha. Sijuti hata kidogo, na nikipanda kitandani nalala.

Barua yako kwa Crabtree imefika wakati wa kifungua kinywa. Aliisoma yote akala na yai lake. Kisha akaniuliza, "Hili ni lile la nguzo za bomba la jiko?" Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Unadhani majoho yao na huo utepe mwekundu nani aliwauzia? Dadako hakuwahi kulipa bila kuomba punguzo." Alijua tangu mwaka ule. Alikuwa ananisubiri nimwambie, na alipochoka kusubiri akaacha. Hilo limeniuma zaidi ya nilivyotegemea, nakupa hilo kama zawadi, maana zawadi nyingine huna.

Kuhusu moyo wa Rhoda, mioyo ya wasichana huunganika. Nilimkimbilia hadi mtaani, lakini ukungu wa bahari ulikuwa umeshuka na sikumwona, nikajua amekwenda kwako kufunga mizigo. Sikutaka kugombana mbele yake, nikapanda treni. Mwache apoe siku chache halafu umwambie chumba chake kiko tayari, na baba yake atampokea stesheni. Usimzuie. Umeshindwa, jifunze kushindwa.

Isobel


Edinburgh, 28 Septemba 1908

Isobel,

Unanitania? Rhoda hayupo kwangu. Nilirudi kutoka hekaluni nikakuta kabati tupu na ufunguo mezani. Nilijua umemchukua. Siku zote hizi nimekuwa nikikulaani kwa kumfungia ndani Halifax.

Nimekwenda kwa wakili. Anasema ameacha kazi kwa adabu na kuomba barua ya sifa, akapewa. Hakuacha anwani.

Kama huu ni mchezo wako mwingine, sema. Nitakusamehe mengi ukisema ni mchezo.

Euphemia


Halifax, 29 Septemba 1908

Si mchezo. Crabtree amevaa koti anakuja huko na treni ya mchana. Mpe orodha ya marafiki zake wote, na usimwambie neno juu ya malaika.

I.


Glasgow, 9 Novemba 1908

Mama, na Mama Mkubwa,

Nimeiandika barua hii mara mbili, neno kwa neno, karatasi moja kwa kila mmoja, asije mtu akasema mwenzake amepewa zaidi. Nawajua.

Niko mzima. Napiga taipu kwa watu wengine, nimepanga chumba kwa mjane ambaye haniulizi kitu. Muhuri wa Glasgow usiwatume kupanda treni, kuna mtu amenisaidia kuitia posta akipita huko. Baba nimemwandikia peke yake. Yeye alikuja kunitafuta akazunguka ofisi za watu kwa siku tatu, na nasikia kila mahali aliuliza tu kama nina koti.

Mama, najua unaamini uliniokoa. Mama Mkubwa, najua unaamini nilivunjika moyo. Nitasema ilivyokuwa, kisha nisiulizwe tena.

Sikutaka kuingia. Vitabu nilivipenda na bado navipenda, kiapo sikukitaka. Nilijaribu kulisema mezani, Mama Mkubwa ukaniambia ni woga ukanimiminia chai. Nilijaribu kumwandikia Mama, kwa mafumbo kwa sababu niliona aibu, ukanijibu kwa kifurushi cha viatu. Kila nilipofungua mdomo nilikuta mmoja wenu ameshafika. Basi nikaamua nitalisema pale mlangoni, mahali ambapo mwali haruhusiwi kusema, mbele ya watu wote, ili lisiweze kumiminiwa chai. Ndicho nilichokuwa najifunza chumbani, Mama Mkubwa. "Hapana, asanteni. Naomba mnifungue." Inaonekana ni maneno madogo. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima hapana maishani mwangu, na nilihitaji mazoezi.

Siku ilipofika sikuogopa. Mkono ulionishika ulikuwa unatetemeka, nikauonea huruma, nikaubana kidogo, nikidhani ni mzee fulani anaogopa kusahau. Swali likaulizwa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Halafu ukasema wewe, Mama. Ungesema ndiyo ningekupinga palepale, nikiwa na kitambaa machoni na kamba kiunoni, na wote wangenisikia. Ulisema hapana. Hapana ile ilikuwa yangu. Ukaichukua ikiwa tayari mdomoni mwangu, na ukaiongezea neno "nyumbani", ambako sikutaka kurudi. Nikabaki sina la kusema. Ningepinga nini? Niliingia mle kama mtu, nikatoka kama mtoto aliyefuatwa shuleni na mama yake.

Nimesoma kwa makini nyuso zenu siku ile. Mlikuwa mnatazamana. Nadhani mlikuwa mnatazamana tangu nilipokuwa na miaka minne.

Krismasi siji Halifax. Mwaka Mpya siji Edinburgh. Nitakapotaka kumwona mmoja wenu nitakuja kubisha hodi mwenyewe, na atakayefungua naomba anisubiri niseme.

Rhoda


Halifax, 7 Desemba 1908

Dada Euphemia,

Najua nawe umepata barua. Usidhani kwa hilo tuko sawa. Yangu ilikuwa na karatasi ya pili, ndogo, imekunjwa ndani ya ile kubwa, nami nimeiweka mahali ambapo hata Crabtree hatafika. Anasema ile kubwa aliiandika kwa hasira, na kwamba mama ni mama. Krismasi atakuja. Nimetoa godoro lake kwenye jua, kile kinachoitwa jua hapa, na Crabtree ameagiza bata bukini mkubwa kuliko tunavyoweza kumaliza wawili.

Siandiki kujigamba. Nimeona nikwambie mapema usije ukakaa dirishani unangoja bure.

Isobel


Edinburgh, 11 Desemba 1908

Isobel,

Nakupongeza. Ajabu ni kwamba na yangu ilikuwa na karatasi ya pili. Sikutaka kukuambia kwa kuwa najua ulivyo mwepesi wa kuumia. Anasema kwako atapita kwa ajili ya baba yake tu, akishakula huyo bata atapanda kuja huku, na Mwaka Mpya tutaupokea pamoja. Keki nyeusi ya matunda nimeshaioka, huwa nzuri ikikaa wiki kadhaa. Hekalu nimelifunga hadi majira ya kuchipua. Nimewaambia ndugu kwamba zulia linatengenezwa.

Kitu kimoja tu. Karatasi yangu haikutaja saa ya treni, na hali ya hewa ya mwezi huu hairuhusu mtu wa umri wangu kukaa stesheni siku nzima. Kama yako imetaja, niandikie. Na kama haikutaja, niandikie vilevile.

Euphemia